Nani angempiga nani? Vita vya watu wasiokuwapo

Mwezi wa Ramadhani uliopita, usiku mmoja baada ya tarawehe, nilirudi nyumbani nikakuta fitina imeingia barazani pangu. Vijana sita walikuwa wameinamia simu moja, vichwa vimegusana kama kuku waliotupiwa mchele, na pembeni, kila mmoja upande wake, wameketi wajukuu zangu wawili, mwana wa binti yangu na mwana wa kijana wangu, waliotahiriwa siku moja na kusoma chuo kimoja. Wamenuniana. Kahawa imepoa na kaimati hazijaguswa, na kaimati kuachwa na vijana walioshinda na saumu ni dalili ya jambo zito.

Niliuliza kuna nini. Yule mdogo akaruka: "Babu, huyu asema Superman ampiga Goku!"

"Si mimi nisemaye, babu," akajibu mwenziwe bila ya kumtazama. "Wenyewe wamepiga hesabu. Mara mbili!"

Basi nikavua viatu nikaketi. Nilikuwa nimetaraji kuamua kesi ya deni au ya mpira, kumbe kesi yenyewe ni ya watu wawili ambao hawakupata kuzaliwa, mmoja kachorwa Marekani na mwengine kachorwa Japani, na waliowagombanisha ni kikundi cha mashabiki wa huko Texas. Usiku ule nilioneshwa vipindi mpaka wakati wa daku, na tangu hapo nimeangalia vyengine vingi peke yangu, saa ambazo mke wangu adhani nasoma. Nawaeleza wasomaji niliyoyaona kwa kuwa mambo haya yamo ndani ya nyumba zetu, nasi wazee twayapita tukisema ni katuni tu.

Kipindi chenyewe chaitwa Death Battle, yaani vita vya kufa. Kilianza katika intaneti mwezi wa Desemba 2010, na aliyekibuni ni kijana aitwaye Ben Singer, katika kikundi cha ScrewAttack kilichokuwa kikizungumzia michezo ya video. Pambano la kwanza lilikuwa kati ya Boba Fett, yule mwindaji mwenye kofia ya chuma wa filamu za Star Wars, na Samus Aran, mwanamke avaaye deraya katika mchezo wa Nintendo uitwao Metroid. Wawili hawa walikuwa hawajapata kukutana mahali popote, wala hawangekutana. Mmoja ni mali ya watu wa sinema, wa pili ni mali ya kampuni ya Kijapani, na hakuna mwenye mali atakaye wake apigwe hadharani. Ndiyo sababu kazi kama hii hufanywa na mashabiki, ambao hawana cha kupoteza ila usingizi.

Mpango wa kipindi ni huu. Kuna watangazaji wawili, Wizard na Boomstick, nao pia ni wa kubuniwa: wa kwanza ajifanya mwanachuoni, wa pili ajifanya mjinga apendaye bunduki. Humchukua shujaa mmoja wakamweleza tangu kuzaliwa kwake, silaha zake, ushindi wake, na pale penye udhaifu wake. Kisha humchukua wa pili vivyo hivyo. Hapo ndipo hesabu huanza. Ikiwa katika kitabu fulani shujaa aliinua mlima, wao huuliza mlima ule ulikuwa na upana gani na mwamba wa namna ile una uzito gani, na jawabu litoke kwa tani. Ikiwa alikwepa radi, huuliza radi yaenda kasi gani na yeye alikuwa hatua ngapi. Huruma na heshima za shujaa huwekwa kando, kwa maana Superman aliye na huruma zake hawezi kumuua mtu, na pambano halitakwisha. Baadaye huja katuni ya vita vyenyewe, dakika chache za ngumi, moto na damu nyingi, mmoja akafa kifo kibaya, na watangazaji wakarudi kueleza kwa nini ilikuwa lazima afe yeye.

Hiyo damu sikuipenda, nasema wazi. Vichwa hukatika na miili hupasuka, na mtoto wa miaka 7 hana haja ya kuyaona hayo, hata kama ni michoro. Lakini niligundua ya kuwa vijana wangu nao hawaijali sana damu. Wakati wa vita wao huzungumza na kunywa maji. Pale watangazaji wanaporudi kutoa hukumu ndipo baraza zima hunyamaza, kama watu wangojao kadhi afungue kinywa.

Pambano lililowatenga wajukuu zangu lilitolewa mwezi wa Januari 2013. Mamilioni ya watu wamelitazama. Hoja ya waamuzi, kwa ufupi, ilikuwa hii: hadithi ya Goku ni hadithi ya mtu mwenye mpaka ambaye kila siku auvunja mpaka wake, lakini Superman, maadamu jua la manjano lamwakia, hana mpaka wa kuvunja. Apandaye ngazi hamfikii asiyekuwa na dari. Goku akafa. Mashabiki wake walighadhibika mno hata kikundi kile kikarudi mezani mwaka 2015, kikapiga hesabu upya kwa yale yaliyoongezeka katika hadithi zote mbili. Goku akafa tena.

Mimi hukumu ile siikubali, na nimewaambia vijana kwa nini.

Superman alitokea mara ya kwanza mwaka 1938, katika toleo la kwanza la gazeti la picha liitwalo Action Comics. Waliombuni ni vijana wawili wa mji wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster. Superman yule hakuwa akiruka angani kama ndege. Alikuwa akichupa, na mchupo wake ulikuwa thumuni ya maili, kama mita 200 hivi. Ngozi yake ilikuwa ngumu, lakini walisema wenyewe kwamba kombora lenye kupasuka lingeweza kuitoboa. Kuruka kulikuja baadaye, miaka ya arubaini. Lile jiwe la Kryptonite ambalo kila mtoto alijua kuwa ndio ugonjwa wake halikutoka hata kwenye kitabu: lilizuka mwaka 1943 katika mchezo wa redio. Na ilipofika sinema ya mwaka 1978, aliyoicheza Christopher Reeve, bwana huyu aliizunguka dunia kwa kasi hata wakati ukarudi nyuma na aliyekufa akafufuka. Kutoka kuchupa mita 200 mpaka kurudisha wakati, kwa miaka 40! Hakufanya mazoezi. Kila mwandishi aliyepewa kalamu alimwongeza ratili.

Goku naye, ambaye asili yake ni kichekesho kilichochota katika hadithi ya kale ya Kichina ya tumbili msafiri, alianza mwaka 1984 katika gazeti la Kijapani, na mpaka 1995 alichorwa na mtu mmoja, Akira Toriyama, juzuu 42. Wengine wameongeza baadaye, na Toriyama mwenyewe alifariki mwezi wa Machi 2024, lakini mtu yule ni kazi ya kichwa kimoja. Sasa ukichukua mtungi uliojazwa na mkono mmoja ukaupima na birika la msikiti lililojazwa na mikono mia kwa miaka 70 na zaidi, kisha ukatangaza kuwa birika lina maji mengi zaidi, umepima nini? Umepima idadi ya wachota maji.

Mjukuu wangu wa upande wa Goku alifurahi sana kwa maneno haya, akayaandika katika simu yake. Yule wa Superman aliniuliza, "Sasa, babu, ulitaka wampime Superman yupi?" Na hapo, wallahi, sikuwa na jawabu. Ukimtwaa wa 1938 watu watasema umempunja. Ukiwatwaa wote kwa pamoja umetengeneza mtu wa ishirini ambaye hakuna mwandishi hata mmoja aliyemwandika. Vita vyamalizwa pale mwamuzi achaguapo vitabu vya kusoma, siku nyingi kabla ya ngumi ya kwanza, na mtazamaji haonyeshwi siku ile.

Nikakumbuka kwamba jambo hili nilipata kuliona likitendwa, na aliyetendewa alikuwa mtu wa kweli.

Mwaka 1967 Muhammad Ali alinyang'anywa ubingwa na kufungiwa ngumi kwa kukataa kwenda vita vya Vietnam. Mwaka ule ule mtayarishaji wa redio wa Miami aitwaye Murray Woroner aliwachukua mabondia 16 wa uzito wa juu, wazima na wafu, akatia habari zao katika kompyuta iitwayo NCR 315, akawapambanisha kwa redio kama mashindano ya mtoano. Kompyuta ikasema Ali apigwa na Jim Jeffries, bingwa wa zamani za babu zetu. Ali alikwenda mahakamani akidai dola milioni 1 kwa kuvunjiwa jina. Alikuwa hana kazi, hana pasi ya kusafiria, na sasa mashine imemwangusha mbele ya dunia kwa mkono wa mtu aliyekwisha kuzikwa.

Kesi iliishia katika mapatano, na mapatano yakazaa filamu. Mwaka 1969 Ali na Rocky Marciano, bingwa aliyestaafu bila ya kushindwa hata mara moja, waliingia ulingoni Miami kwa siri, wakapigwa picha wakipigana raundi fupi fupi za kuigiza, pamoja na miisho mbali mbali, ili kompyuta ichague. Marciano alipunguza unene na kuvaa nywele za bandia. Tarehe 31 Agosti mwaka ule akafa katika ajali ya ndege, kabla ya kuuona mwisho wake mwenyewe. Filamu ilioneshwa tarehe 20 Januari 1970, na katika sinema za Marekani Marciano alimwangusha Ali raundi ya 13. Lakini Ulaya walioneshwa mwisho mwengine, na huko aliyeshinda ni Ali. Mashine moja, mabondia wale wale, na hukumu mbili, kila moja kwa kadiri ya watazamaji wake.

Sisi watoto wa Mji wa Kale hatukuwa na habari ya kompyuta. Tulikuwa na nguzo ya taa na vinywa vyetu. Mwaka 1974, Ali alipompiga Foreman kule Kinshasa raundi ya 8, mtaa mzima ulikuwa wa Ali, na haikuwa ajabu, kwani alikuwa ndugu yetu katika dini na jina lake tuliliandika kwa chaki ukutani. Lakini nilikuwa na sahibu mmoja mkaidi, aliyekuwa amemwona Bruce Lee sinema mara tano, naye akashikilia kwamba Bruce Lee, mwenye uzito wa mbuzi, angempiga Ali. Lee alikuwa amekwisha kufa tangu Julai 1973, lakini kwa sahibu yangu hilo halikuwa kizuizi. Tuligombana mpaka tukakatana neno mwezi mzima. Mamangu alidhani tumegombania msichana.

Nilipokuwa barobaro lilitoka, mwaka 1978, gazeti la picha ambalo lilitufikia limechakaa kwa mikono ya watu: Superman apigana na Muhammad Ali. Kazi hiyo si ya mashabiki, ni ya wenyewe DC, wenye Superman. Viumbe kutoka nyota nyengine wataka bingwa wa dunia apigane na bingwa wao, basi Ali na Superman wapambana kwanza ijulikane bingwa ni nani. Na kwa kuwa Superman si mtu wa dunia hii, pambano lafanywa chini ya mwanga wa jua jekundu, ambao wamwondolea nguvu zake, na Ali ampiga mpaka uso ukavimba. Wajukuu zangu nilipowahadithia walisema hiyo si haki. Mimi naona ndiyo haki yenyewe. Aliyeandika alijua ya kuwa nguvu za Superman ni za kuazima, akaziweka kando ili swali liwe la ngumi. Death Battle hufanya kinyume: huziacha nguvu zote na kuiweka kando roho ya mtu.

Usiku wa pili wake nilifanya kosa la kumtia Fumo Liyongo katika mashindano.

Nilitaka kuwapatanisha. Nikasema haya, nyinyi mna Wamarekani wenu na Wajapani wenu, hebu mpimeni wa kwetu. Vijana wakakubali kwa adabu, kama watu wanaomkubalia mzee, wakaanza kazi kwa taratibu walizojifunza katika simu. Swali lao la kwanza lilinifurahisha: msimulizi ni nani? Nikawaambia yuko Edward Steere aliyechapisha hadithi yake mwaka 1870 kwa alivyosikia Unguja, na yuko Muhammad Kijumwa wa Lamu aliyeandika utenzi wake mwaka 1913. Je, wawili hao wakubaliana? Hawakubaliani kila mahali. Basi wakaamua kuchukua yale yaliyomo kwa wote kwanza. Vijana hawa, ambao nikiwapa kitabu cha historia hulala ukurasa wa pili, walikaa saa nzima wakibishana juu ya msimulizi gani wa kuaminiwa. Hapo niliwasamehe watu wa Texas mengi. Wamewafunza watoto wa watu kuuliza "wapi imeandikwa?", na kumtaka asemaye alete shahidi.

Hesabu, hata hivyo, haikutuheshimu. Tuliutwaa ule mfuko ambao Liyongo aliubeba, wenye kinu na mchi na vyombo vya jikoni, uliowashinda watu wengine kuuinua. Tukakadiria kinu cha kutwangia mpunga kina ratili ngapi, vyungu vingapi, tukaongeza na mafiga. Hata tulipojaza kwa ukarimu, hatukufika frasila 20. Mjukuu wangu wa Superman akaniangalia kwa huruma. "Babu," akasema, "mzee wako hapiti hata duru ya kwanza."

"Na udhaifu wake?" akauliza wa Goku.

Nikawaambia: sindano ya shaba, kitovuni. Wakapiga makofi. "Kama Kryptonite!" Kidogo tena wangemwandikia kushindwa hapo hapo, kwani Superman ana macho ya kuona ndani ya mwili na sindano zapatikana dukani.

Nikawaambia ngojeni. Sindano ile ilikuwako Pate miaka yote, na shaba haikuwa adimu. Maadui walikuwa wengi, na Liyongo alikuwa akilala usingizi kama watu wote. Hawakuweza. Mpaka walipompata mwanawe mwenyewe wa kumzaa, wakamtamanisha mali na mke, akaenda akamuuliza babake siri yake, na baba akaijua nia yake na bado akamwambia. Sasa mwanachuoni wenu Wizard, khiana hiyo aipima kwa ratili ngapi? Superman angempata wapi mwana wa Liyongo?

Wakanyamaza. Nikaendelea, maana nilikuwa nimeshika njia. Alipochomwa alitoka na uta wake akaenda kisimani akapiga goti, mshale tayari, na hapo akafa. Watu wa mji wakamwona kwa mbali hawakuthubutu kwenda kuteka maji, siku baada ya siku, mpaka wakamwendea mamake aende akamwombe. Maiti iliufunga mji kiu. Haya, andikeni: nguvu za namna gani hizo, na zina tani ngapi?

Mabishano yaliyofuata ndiyo mazuri kuliko yote niliyoyasikia mwezi ule. Mmoja alisema kuogopwa si nguvu, ni sifa. Mwengine akasema sifa nayo ni silaha maadamu yazuia adui. Wa tatu akauliza kama Superman angeiogopa maiti. Na wajukuu zangu wawili, ambao hawakuwa wamesemezana tangu juzi, walijikuta wameketi upande mmoja, bega kwa bega, wakinithibitishia mimi kwamba Liyongo ni shujaa mkubwa, hakuna anayekataa, lakini kwa Goku au kwa Superman, yeyote kati ya hao, hangemaliza dakika moja. Mmoja alianza jumla na wa pili akaimaliza. Kaimati zikaisha. Sikuendelea kubisha.

Liko jambo jengine ambalo sikulijua mpaka nilipoanza kutafuta mwenyewe. Nilidhani watengenezaji wa vita hivi ni watoto wavivu. Nikakutana na jina la Monty Oum.

Huyu alikuwa kijana wa Marekani, aliyejifundisha mwenyewe kuchora kwa kompyuta. Zamani mtu angehitaji kiwanda kizima kwa kazi aliyoifanya. Mwaka 2007, akiwa peke yake, alitoa Haloid, filamu fupi inayompambanisha Samus, yule yule wa Metroid, na askari wa mchezo uitwao Halo. Akaifuatishia Dead Fantasy, ambamo wanawake wa michezo ya Final Fantasy wapigana na wanawake wa Dead or Alive. Hapakuwa na hesabu humo wala hukumu. Palikuwa na mwendo tu: mtu aruka, ageuka, adaka upanga wa mwenziwe hewani, na macho hayapumziki. Nimeiangalia mara tatu na bado sijui nani ashinda, wala sikujali. Ilinikumbusha kirumbizi cha harusini, fimbo mbili zikijibizana, ambapo hodari hatajwi kwa kumuumiza mwenziwe.

Kazi hizo zilimfungulia milango. Mwaka 2010 alichukuliwa na Rooster Teeth, kampuni ya Austin, Texas, na mwaka 2013 akaanzisha katuni yake mwenyewe, RWBY, yenye wasichana wanne mashujaa ambao sasa hawakuwa mali ya mtu mwengine. Tarehe 1 Februari 2015 akafariki, baada ya mwili wake kuidhuriwa na matibabu. Alikuwa na miaka 33. Dead Fantasy hakuimaliza. Wenziwe walipotangaza msiba waliomba watu wasilete maua wala zawadi, bali kila mmoja aketi atengeneze kitu. Mwaka ule ule Death Battle ilimpambanisha Yang, mmoja wa wasichana wa RWBY, na Tifa wa Final Fantasy, yule yule ambaye Oum alikuwa akimpiganisha usiku katika kompyuta yake. Safari hii waamuzi walimpa ushindi Yang, binti wa shabiki. Pambano hilo nimelitazama bila ya kuuliza hesabu zao.

Kuhusu nani mwenye mali, mambo yana uchungu. Siegel na Shuster waliuza Superman kwa dola 130. Siku zilipopita na bidhaa ile ikawa hazina, wao walikuwa wakihangaika, na ni mwaka 1975 tu, baada ya kelele nyingi magazetini, ndipo wenye mali walipokubali kuwapa posho ya kila mwaka na kuyarudisha majina yao juu ya kazi yao. Mashabiki nao hawako katika hali bora zaidi. Wapigana kwa majina ya watu wengine, na mwenye jina akitaka kusimamisha mchezo ana mawakili wa kutosha.

Death Battle yenyewe ilionja hayo. Kikundi cha ScrewAttack kilimezwa na Rooster Teeth, na Rooster Teeth, kwa kuuzwa na kuuzwa tena, ikaishia mikononi mwa Warner Bros. Discovery, ambao ndio wenye Superman. Niliposema hivyo barazani, mjukuu wangu wa Goku alisimama wima. Nikamketisha: hukumu zile mbili ni za 2013 na 2015, kabla ya nikaha hiyo. Hakuridhika. Mwezi wa Machi 2024 wenye mali walitangaza kuifunga Rooster Teeth, baada ya miaka 21. Watengenezaji wa Death Battle wakabaki na vichwa vyao tu. Waliitafuta haki ya kukimiliki kipindi chao, wakawageukia watazamaji kwa mchango wa hadhara katika intaneti, na watazamaji, wale wale waliokuwa wakiwatukana kwa sababu ya Goku, wakatoa fedha. Kipindi chaendelea.

Yule sahibu yangu wa Bruce Lee alikwenda Maskati mwaka 1981 na huko ndiko aliko, na wajukuu kama mimi. Siku ya Idi alinipigia simu. Baada ya kuulizana hali na kuombeana, nikamhadithia haya yote, kompyuta ya Woroner, watu wa Texas, kinu cha Liyongo. Alinisikiliza kimya mpaka nikadhani simu imekatika.

"Hao wajukuu zako," akasema mwisho, "wana uwezo wa kuwaandikia hao watu?"

Nikamwambia wanao, lakini hao hupiganisha watu wa hadithi, na Ali na Lee walikuwa wanadamu.

"Wewe waandikie," akasema. "Na uwaambie Ali miguu yake ilikuwa mizito toka alipofunguliwa mwaka 1970. Wasije wakampima yule wa 1967."